Tulivyopeleka Bakteria wa Baridi Posani

Kwetu Karagwe mwoaji siku ya posa ni mzigo. Anabebwa, anafikishwa, anawekwa mkekani, na baada ya hapo kazi yake ni kuinamisha kichwa na kuangalia vidole vya miguu yake. Anayesema ni mshenga. Ukiulizwa kama una afya, mshenga anajibu. Ukiulizwa kama unampenda binti wa watu, mshenga anampenda kwa niaba yako. Mila hiyo ni nzuri kwa watu wapole, sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba mdomo wangu haujawahi kupata likizo. Mama anasema nilizaliwa nikibishana na mkunga, na kwamba mkunga ndiye aliyeshindwa.

Halafu mila yenyewe ilitungwa wakati watu wana kazi za kueleweka. Analima. Haya, karibuni. Anafuga. Haya, karibuni sana, leteni rubisi, pombe yetu ya ndizi. Walioitunga hawakumfikiria mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli za bakteria wanaoishi kwenye baridi kali.

Msinicheke. Kazi hiyo ilinipata kupitia maziwa. Nilipokuwa chuo nilipewa maziwa yaliyokuwa kwenye tangi la kupozea, hayajaonja joto tangu yatiwe humo, na bado yamekuwa machungu. Nikaambiwa nimtafute mharibifu. Ndipo nikafahamiana na viumbe ambao wewe ukiwatia kwenye friji ukidhani umewakomesha, wao wanajinyoosha, wanakula, wanazaana. Nikawapenda, basi. Kuna watu wanapenda mpira. Kutoka kwa hao wa maziwa nikahamia kwa ndugu zao walioshindikana kabisa, wanaoishi kwenye barafu, ambao maabara yetu ililetewa kutoka mbali wakiwa ndani ya vichupa. Nyumbani Kituntu hakuna aliyewahi kuelewa. Wanajua nina digrii ya wadudu. Nikirudi likizo naitwa kuangalia ng'ombe anayekohoa, na nikisema mimi ng'ombe siwajui, wanasema ameanza maringo.

Sasa huyo binti. Tulikutana chuoni, yeye akisomea ualimu wa hesabu. Kwao ni Kaisho, kule Kyerwa, kwa baba mwenye migomba, kahawa na ng'ombe kadhaa. Mama yake alifariki yeye akiwa sekondari, na ndugu zake wote wameshaoa na kuolewa, wametawanyika. Yeye kitinda mimba alipomaliza chuo aliomba shule ya karibu na nyumbani ili baba yake asiwe anakula peke yake. Nami ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kwenda kusoma zaidi kwenye nchi moja ya kaskazini ambako barafu iko mlangoni, na nilitaka tuoane twende wote. Yaani, kwa lugha ya wazi, nilikuwa naenda kumwomba mzee mjane anipe mtu wake wa mwisho nimpeleke kwenye barafu. Hilo ndilo lilikuwa jambo. Mengine yote yaliyotokea siku ile yalikuwa kelele juu ya hilo.

Mzee alituma ujumbe mfupi kupitia kwa binti yake. "Mwambie aje na mtu wa kunieleza kazi yake mpaka nielewe. Nisipoelewa, hakuna posa." Na alikuwa na sababu. Mume wa binti yake mkubwa aliletwa ukweni akiitwa mtu wa miradi. Krismasi hii anakuja, anakaa kibarazani na simu, anakula, anaondoka. Krismasi ijayo vilevile. Mpaka leo hakuna anayejua ni mradi gani, na mzee alikuwa ameapa hatarudia kosa.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyenilea. Ni mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza sauti hata msibani. Hajawahi kushindwa posa. Nilipomweleza masharti alicheka.

"Tutasema wewe ni daktari."

"Mimi si daktari, baba."

"Mwalimu, basi."

"Hapo labda nusu."

"Mimi sipeleki nusu ya mtu ukweni," akasema, na akaacha kucheka.

Basi nikamwita jikoni asubuhi na mapema, maana baridi ya Kituntu asubuhi haina utani. Nikachukua samli ya ng'ombe wa mama na chupa ya mafuta ya alizeti. Nikapindua kopo la samli juu chini, haikutoka hata tone. Nikainamisha chupa ya alizeti, ikatiririka.

"Yote ni mafuta," nikamwambia, "na yote yamelala jikoni humuhumu. Kwa nini hii imeganda na hii haijaganda?"

"Hiyo ya dukani wameichakachua."

"Hapana, baba. Mafuta yana mikia mirefu, midogo kiasi kwamba huwezi kuiona. Mikia ya samli mingi imenyooka. Inapangana, inabanana, baridi ikija inakuwa kitu kimoja kigumu. Mikia ya alizeti ina kona katikati. Haiwezi kupangana vizuri, inaachiana nafasi, kwa hiyo inabaki laini."

Baba mdogo alitoka nje mpaka kwenye rundo la kuni, akasimama, akarudi na kipande mkononi.

"Unataka kuniambia samli ni nguzo za mkaratusi, na alizeti ni matawi ya mkahawa."

Nusura nimkumbatie. Mwenye kuujua mkahawa anajua kwamba hata ukiufunga mzigo vipi, matawi yake hayalali pamoja. Nikaendelea haraka kabla hajapoa. Nikamwambia bakteria naye amefunikwa na utando wa mafuta, yale ya mikia miwilimiwili. Huo utando ndio ngozi yake, na humo ndimo ilimo milango yake. Chakula kinapita hapo, uchafu unatokea hapo. Mafuta yakiganda kama samli, milango inakwama, na mwenye nyumba anakufa njaa wakati chakula kipo kibarazani. Kwa hiyo huyu wa baridi, akihisi hali inakuwa mbaya, anapunguza mikaratusi na kuongeza mikahawa. Ana kimeng'enya, mfanyakazi wake wa ndani, ambacho kinanyofoa haidrojeni mbili katikati ya mkia, na pale zilipotoka mkia unapinda. Utando unabaki laini, milango inafunguka, maisha yanaendelea.

"Anahisi mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe."

"Bila kuitishwa kikao?"

"Bila kikao."

Baba mdogo akakaa kwenye kigoda, akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Kuna watu kwenye kamati yetu ya ujenzi hawana akili hiyo," akasema.

Ningejua ningeishia hapo. Lakini baba mdogo alikuwa ameshika moto. Wiki nzima alikuwa anahubiri. Nilimkuta akiwaeleza wachuma kahawa, nikamkuta akimweleza mama mmoja aliyekuja kuomba mbegu za maharage, na kila nikimsikia kuna kitu kimeongezeka. Mikia miwili ya mafuta sasa ilikuwa mikia miwili ya mdudu mwenyewe. Nikimsahihisha ananiambia, "Tulia, wewe unajua wadudu, mimi najua watu." Mwisho akaamua kwamba maneno hayatoshi, ukweni lazima tuende na ushahidi. Samli akaihamishia kwenye chupa ya jemu ili ionekane vizuri, ya alizeti akaibeba ilivyo.

Tuliondoka alfajiri kwenye Noah ya kukodi, sisi na wazee wawili wa ukoo ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Samli wakati huo ilikuwa ngumu kama sabuni ya kipande. Baba mdogo alikaa mbele na dereva, na kwa kuogopa isipinduke akaiweka chupa pale mbele, chini ya kioo, ili aione njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma kabisa nimekumbatia dumu la rubisi, sioni kitu. Ningeona, haki ya nani ningesema, mila au si mila. Jua lilichomoza, likapanda, likatushukia kwenye kile kioo mpaka Kaisho.

Tulipokelewa vizuri. Tukaingizwa sebuleni, tukakaa, shikamoo zikapigwa za kutosha. Baba mwenye nyumba alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, koti lake limefungwa vifungo vyote. Pembeni yake alikaa dada yake, shangazi wa binti, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyeweka kiti chake karibu na mlango wa vyumbani kana kwamba tunaweza kupita kwa nguvu. Binti mwenyewe alikuwa huko ndani na wanawake, maana siku hiyo naye haruhusiwi kuonekana mpaka aitwe, wala kusema.

Kitu kimoja nilikiona mapema, nikajua mambo bado. Hatukuletewa kahawa ya kutafuna. Huku kwetu mgeni hata akiwa amekuja kukuuliza njia tu, utamletea kile kikapu kidogo cha kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, achukue punje moja mbili atafune, ndipo maneno yaanze. Sisi tulikaa na midomo mitupu. Mmoja wa wazee wetu waitikiaji alikuwa anaangalia mlango wa jikoni kwa huzuni.

"Nasikiliza," akasema baba mkwe mtarajiwa.

Baba mdogo akasimama, akakohoa kile kikohozi chake cha kanisani. Alianza na ukoo, akapita kwa babu, akashuka kwa marehemu baba, yote safi kabisa, mpaka nikaanza kupumua. Halafu akafika kwangu.

"Kijana wetu huyu, waitu," akasema, kwa lile neno letu la kuwaheshimu wakubwa, "ni mfugaji."

Mimi nikainua kichwa. Nikakumbuka, nikakiinamisha.

"Anafuga?" mzee akauliza, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahi.

"Anafuga! Anao wengi kuliko ng'ombe wote wa Kyerwa ukiwajumlisha na wa Karagwe. Anawalisha mwenyewe. Na wanazaa kila baada ya saa chache."

"Wako wapi?"

"Kwenye friji."

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni wadudu," baba mdogo akaendelea, sauti ikipanda, "ila si wadudu hawa wetu wa kawaida. Ni wadudu wa baridi. Wana mikia miwili. Mkia mmoja mkaratusi, mkia mmoja mkahawa."

Nawaambieni, hakuna maumivu kama kusikia kazi yako ya miaka ikichinjwa na wewe huruhusiwi kusema hata "samahani". Ulimi ulikuwa unaniwasha. Niliangalia vidole vyangu vya miguu kwa hasira mpaka nikahisi vinanionea huruma.

"Wanauma?" shangazi akauliza.

"Hawaumi, mama."

"Sasa anawafuga ili iweje?"

"Anawatoa mafuta."

Hapo shangazi akapiga goti lake kwa kiganja. "Mawe!" akashangaa kwa lugha ya kwetu. "Kama senene!"

Na kwa kweli, kwa mtu wa Kagera, hakuna mfano bora. Senene, wale panzi wa kuliwa, ukiwatia kwenye sufuria huwaongezei mafuta, wanajikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Shangazi alikuwa ameelewa kila kitu, uso wake uling'aa. Akamgeukia kaka yake akaanza kumweleza kwa Kinyambo, kwa mikono, namna kijana anavyokaanga. Mimi nikajiambia, bora tu, hata hivyo hatuko mbali sana na ukweli, maana ni kweli nawaua na ni kweli natoa mafuta yao, ingawa siyo kwenye sufuria.

"Wanaliwa?" akauliza tena.

Baba mdogo akanitupia jicho. Nikatikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha nzi kuruka.

"Bado," akajibu.

Kisha, kwa kuona mambo yanamwendea vizuri, akaamua kumaliza kazi. "Wazee wangu," akasema, "wanaume hatusemi maneno matupu. Tumekuja na ushahidi." Akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa chupa ya alizeti, akaiinua juu. "Hii ni alizeti. Tazameni, maji." Akaitikisa, ikachezacheza. Akaingiza mkono mwingine. "Na hii ni samli ya ng'ombe wetu. Tazameni ilivyoganda!" Akaipindua chupa ya jemu juu chini kwa madaha, kama nilivyofanya mimi jikoni, isipokuwa mimi yangu ilikuwa imeganda kweli na yeye alikuwa amelegeza kifuniko ili ionekane vizuri zaidi.

Ilimwagika yote. Ilishuka kwenye koti lake, ikapita kwenye suruali, ikaingia kwenye kiatu cha mguu wa kulia. Samli ya mama yangu, inanukia vizuri ajabu, sebule nzima ikawa kama jikoni siku ya sikukuu. Baba mdogo alibaki ameshika chupa tupu juu ya kichwa.

Mzee mwenye nyumba aliangalia kwa utulivu. "Mimi naona mafuta mawili yaliyoyeyuka," akasema.

"Ndiyo sababu," baba mdogo akasema, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, hakutetereka hata kidogo, "ndiyo sababu hasa wadudu wa mtoto wetu hawawezi kuishi Kaisho. Joto lenu kali."

Shangazi alicheka mpaka kiti kikalalamika. Waitikiaji wetu wakacheka. Kule ndani wanawake walikuwa wanacheka wakijiziba midomo, na kati ya vicheko hivyo nilikitambua kimoja. Kikaletwa kitambaa, baba mdogo akafutwa kama mtoto. Nikadhani tumepona.

Lakini mwenye nyumba hakucheka. Alisubiri watu wote watulie, akavuta koti lake, akasema polepole.

"Nimeelewa zaidi ya mnavyodhani. Mafuta yakiwa kwenye baridi yanaganda. Huyu mdudu hataki kuganda, kwa hiyo anabadilisha mafuta yake, anakuwa kiumbe wa baridi. Ni hivyo?"

"Ndivyo hivyo, waitu," akasema baba mdogo.

"Basi nina swali moja. Akishajibadilisha, akakaa huko kwenye baridi miaka yake, ukimrudisha hapa kwenye joto la kwao, anarudi kuwa kama zamani?"

Hakuna mtu aliyehitaji kuambiwa swali linamhusu nani. Hata wale waitikiaji waliacha kuangalia mlango wa jikoni. Jikoni mimi na baba mdogo hatukufika huko. Nilimfundisha namna mdudu anavyoingia kwenye baridi, sikumfundisha anavyotoka. Baba mdogo akageuka akaniangalia waziwazi, mbele ya watu wote, jambo ambalo mshenga halifanyi.

"Mwacheni aseme mwenyewe," shangazi akasema, "ama sivyo tutalala hapa na hii samli."

Kwa hiyo nikapewa ruhusa. Tangu alfajiri nilikuwa natamani kusema, na sasa nimepewa, nikatamani kunyamaza. Kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Wapo bakteria wa kawaida, kama wale wa kwenye maziwa, ambao baridi ikija wanapinda mikia, joto likirudi wananyoosha, hawana makuu. Ningewataja hao na kunyamaza, na posa ingepita. Ila mzee hakuuliza habari zao. Aliuliza habari za wangu. Na alikuwa ananiangalia machoni, mtu mzima, amefunga vifungo vyote.

"Baba," nikasema, "wapo wanaorudi. Lakini hawa ninaowachunguza mimi hawarudi. Wameshakuwa wa baridi moja kwa moja. Ukiwaleta kwenye joto letu utando wao unalegea kupita kiasi, unavuja, wanakufa."

Baba mdogo akatoa sauti fulani, kama mtu aliyekanyagwa. Baadaye kwenye gari aliniuliza, "Mwana wa kaka yangu, kudanganya kidogo tu kulikushinda nini?" Wakati huo lakini aliinama akaanza kufunga kamba za kiatu, kile chenye samli, kwa namna ya mtu anayejiandaa kuondoka. Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka masikio yakawa ya moto. Nilijiona nikipanda ndege peke yangu.

"Asante," akasema mzee. "Umesema kweli." Akaanza kuinuka.

Ndipo sauti ikatoka ndani, kupitia ukutani, ya mwalimu aliyezoea madarasa yenye wanafunzi wengi.

"Baba! Mimi si mdudu!"

Shangazi akaruka. "Yesu wangu, nyamaza wewe!" akapiga kelele kuelekea mlangoni. Binti wa posa hasemi. Haijawahi kutokea, labda kule mijini. Lakini alikuwa ameshaanza, na namjua, akishaanza hesabu hawezi kuiacha katikati.

"Nilikwenda chuo, nikakaa, nikarudi! Sikurudi?"

Mzee akasimama hapohapo alipofika, nusu amekaa nusu ameinuka. "Ulirudi," akasema kwa sauti ya chini, akizungumza na ukuta.

"Nilirudi na mafuta yaleyale!"

"Na mengine umeongeza," shangazi akasema, kabla hajajizuia.

Ikawa basi. Mzee alicheka. Alianza na pua, akajaribu kukizuia kicheko, kikamshinda, akarudi kwenye kiti akaketi na kucheka mpaka akafungua kifungo cha juu cha koti. Alipomaliza alitutazama sote mmoja mmoja. "Mmesikia wenyewe," akamwambia baba mdogo. "Hata ukuta wangu haunitii. Leteni kahawa." Na kahawa ikaletwa, kikapu kikazunguka, na yule mzee wetu mwitikiaji akachota punje nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Tulikula, tukanywa. Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa na hanywi, alikunywa kile anachokiita juisi iliyochelewa kidogo, na akaanza upya kuwaeleza watu habari za mkaratusi na mkahawa, na safari hii wote walimwelewa vizuri sana. Binti aliitwa, akapiga magoti akasalimia wageni kwa heshima zote, macho chini, kana kwamba ile sauti ya ukutani ilikuwa ya mtu mwingine. Alipofika kwangu alinifinya mkono kwa kucha. Nilikuwa na furaha mpaka nikashindwa kutafuna.

Jioni ilipokaribia, watu wakianza kutafuta viatu vyao, mzee alinigusa bega. "Njoo unisaidie," akasema. "Mgeni haondoki mikono mitupu." Akachukua panga, tukaingia shambani, mimi na yeye tu. Lilikuwa shamba safi, migomba imepaliwa, majani makavu yametandazwa chini, unatembea bila sauti.

Nikaanza kumhakikishia. Nilisema tutarudi kila tukipata nafasi, tutapiga simu, atamwona binti yake kwenye simu kabisa, uso kwa uso. Nilisema mengi, si nimewaambia mdomo wangu ulivyo. Akaniacha nimalize.

"Najua atarudi," akasema. "Namjua. Swali langu la mchana lilikuwa la kijinga tu, nilikuwa natafuta pa kushikia." Akatembea kidogo, akaangalia juu kwenye mikungu, akagonga mgomba mmoja kwa ubapa wa panga, akauacha, akaenda mwingine. "Tangu mama yake afariki, tunakula wawili. Mimi nakata, yeye anamenya. Nakuja hapa naangalia, naukata wa kututosha. Jicho limeshazoea."

Akasimama.

"Wewe ni msomi," akasema. "Hebu nitazamie. Mkungu wa mtu mmoja ni upi?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa ameinua uso, anasubiri, na mimi nikainua wangu. Nikatazama mkungu baada ya mkungu, nikageuka upande wa pili wa shamba, nikatazama na huko, mpaka macho yakaanza kuniuma na nikaona sioni vizuri. Yote ilikuwa mikubwa.

"Sijauona, baba," nikasema.

"Basi," akasema. Akaukata ule uliokuwa mbele yetu, akanitwika, tukarudi kwa wenzetu.